Msiba wa Majaribio

Kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka mingi nilitaka aseme sentensi moja tu mbele ya watu: kwamba ule ujumbe sikuutuma mimi Kabula, aliutuma yeye. Sikutaka aombe radhi. Kuomba radhi hakukuwa kwenye damu yake, na mimi si mtu wa kungoja mvua kiangazi. Nilitaka tu watu wa kijiji cha Ipililo wasikie ukweli kwa mdomo wake, kisha kila mmoja wetu aende zake. Ofisini tulimwita Mkufunzi, na hapa nitamwita hivyohivyo, maana jina lake halisi sina hamu ya kulitia mdomoni.

Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, shati limechomekewa hata siku za vumbi la Bariadi ambapo sisi wengine tulionekana kama tumetolewa kwenye gunia. Mfukoni alichomeka kalamu mbili ambazo hakuna aliyewahi kumwona akiandika nazo. Mezani kwake hakukosekana chupa ya maziwa ya mgando, na alikuwa anakunywa polepole macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Sauti yake hakuipandisha hata siku moja. Mtu wa kelele unamzoea, unajua akishamaliza kufoka amemaliza. Mkufunzi alikutukana kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama umeshakula, na tusi lenyewe ulikuwa unalielewa ukishafika nyumbani.

Ofisi yetu ilikuwa ya kampuni ya kununua pamba, upande wa barabara ya kwenda Lamadi. Soko huria lilikuwa limeshaingia mpaka vijijini. Wazazi wetu walikuwa wanauza pamba sehemu moja tu, kwenye chama cha ushirika, wapende wasipende. Sisi tulikuta kampuni zinawafukuzia wakulima kama wachumba: huyu analeta kofia, yule fulana, mwingine mbegu na dawa ya kupulizia. Kampuni yetu ilikuja na simu. Ukituuzia sisi pamba, unapata ujumbe wa bei, ujumbe wa siku ya mizani, ujumbe kwamba bwana shamba anapita kesho. Na juu ya hayo, bure kabisa, unapata ujumbe wa msiba.

Huo wa msiba ndio uliowateka. Vikundi vya wakulima ndivyo hivyohivyo vilivyokuwa vya kufa na kuzikana. Mwanakikundi akifariki, katibu alipiga simu ofisini, sisi tunatuma ujumbe mmoja kwa kikundi kizima, na Sapiwi yote au Ipililo yote inajua papo hapo. Watu walihama kampuni nyingine wakaja kwetu ili waweze kutangaziana vifo kwa raha. Mkufunzi ndiye aliyeutengeneza mfumo huo, na haki yake nampa: aliutengeneza vizuri, haukuwahi kukwama.

Siku yangu ya kwanza alinikuta nimefungua kivinjari, nimejaza visanduku vya majaribio kimoja kimoja kwa kipanya. Akasimama nyuma yangu akanywa maziwa.

"Binti, unasuka nywele au unafanya kazi?"

"Najaribu kutuma, Mkufunzi."

"Funga hicho. Kivinjari kinakupambia jibu. Mimi jibu nalitaka uchi."

Akanifungulia edita, ile programu ya kuandikia isiyo na rangi wala mapambo, maandishi matupu tu, akanionyesha namna alivyokuwa anafanya. Unafungua faili. Juu kabisa unaandika anwani ya seva, yaani kompyuta kuu inayotekeleza maombi. Chini yake unaandika ombi lako kwa maneno: unatuma nini, wapi, kwa ufunguo wa nani. Kati ya ombi moja na jingine unaweka alama tatu za reli, ###, ili yasichanganyikane. Halafu unakipeleka kile kijistari kinachopepesa kwenye ombi unalolitaka, unabonyeza vitufe viwili, na jibu la seva linafunguka upande wa kulia, bila wewe kutoka kwenye faili. Ombi kushoto, jibu kulia. Maombi yako yote ya wiki nzima yamekaa mahali pamoja, unayasoma kama barua, unarekebisha neno, unatuma tena.

Niliipenda kazi ile. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyenifundisha kitu ninachokipenda kuliko vyote ndiye huyuhuyu, na siwezi kukifanya mpaka leo bila kusikia akimeza maziwa nyuma ya shingo yangu.

Seva, kwa wasiojua, hujibu kwa namba. Mia mbili maana yake mambo sawa, ombi limepokelewa na limetekelezwa. Mia nne na nne, unachokitafuta hakipo. Mia nne na moja, wewe huna ruhusa. Mia tano, seva yenyewe imeharibika huko ndani. Mkufunzi alizichukua namba hizo akatubatiza nazo. Masanja, kijana wa Meatu mwenye tabia ya kutoroka kwenda kuvuta sigara, alikuwa Mia Nne na Nne. Dada wa mapokezi, ambaye aliwahi kulia mbele yake siku aliyofiwa na mtoto wa dada yake, akawa Mia Tano. Mimi nilikuwa Mia Nne na Moja tangu asubuhi ile ya kivinjari. Wageni walikuwa wanadhani ni namba za vyumba. Siku moja tukapata ujasiri wa kumwuliza nani mle ofisini ni Mia Mbili. Akatafakari kabisa, akatutazama mmoja mmoja.

"Seva," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Huyo Masanja alisahau mkato mmoja kwenye ombi, na seva ikamrudishia jibu refu la makosa, mabano juu ya mabano. Siku hiyo tulikuwa na wageni, wanunuzi kutoka Mwanza. Mkufunzi akamsimamisha katikati ya ofisi, akamwambia alisome jibu lile kwa sauti, lote, na kila mabano ayataje. "Fungua bano. Fungua bano. Kosa, nukta mbili." Wageni wakaanza kucheka, wakadhani ni mchezo wa ofisi. Masanja akasoma mpaka jasho likamlowesha kola. Alipofika mwisho, Mkufunzi akamwambia amesahau kutaja bano la kufungia, arudie. Msimu ulipoisha kijana akaaga. Leo anauza vipuri vya pikipiki Maswa, ana duka zuri, na akikuona na kompyuta begani anavuka barabara.

Ukisikia hayo utadhani nilikuwa nafanya kazi na shetani, na ingekuwa rahisi kama ingekuwa hivyo. Mtu huyuhuyu, upepo ulipong'oa bati za mama aliyekuwa anatupikia chai, alipanda mwenyewe juu ya paa na shati lake lililochomekewa, akapigilia misumari mpaka jua likazama. Mlinzi wetu, mzee wa Ipililo, alikuwa hajui kusoma ujumbe wa simu. Mkufunzi alikaa naye getini kila siku baada ya chakula, herufi kwa herufi, na hakumtania hata mara moja. Mlinzi akichanganya herufi, alimwambia kwa Kisukuma aanze tena bila haraka. Mimi nilipita pale nikasikia upole ule, nikajiuliza huwa anauweka wapi akiingia ndani.

Na kanisani aliimba besi. Nilikwenda Jumapili moja kumwona tu. Alifumba macho, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola, watu wote wakamtazama kwa heshima. Jumatatu nikaenda kazini nikitegemea kumkuta mtu mwingine. Nilimkuta anamwambia Mia Tano kwamba sura aliyoamka nayo ingetosha kufukuza wateja wa kampuni pinzani pia.

Sasa niseme juu ya funguo, kwa sababu humo ndimo nilimoangushiwa jumba bovu. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake, yaani mlolongo wa herufi na namba ambao seva inautambua. Ombi likipita, seva inaandika limepita kwa ufunguo wa nani. Mkufunzi katika majaribio yake hakutumia ufunguo wake. Ulikuwa utaratibu wake, na alituambia wazi: ufunguo wa majaribio ni wa mfanyakazi mgeni kuliko wote. Makosa yakionekana makao makuu, yanaonekana ni ya mgeni, na mgeni anategemewa kukosea. "Wewe huna jina la kuharibika," aliniambia alipokuwa anaubandika wangu kwenye faili lake. Nikaona ni mzaha wake mwingine. Wote waliotangulia walipitia hapo na hakuna aliyedhurika, na mimi nikasubiri aje mgeni mwingine nipumzike.

Na niseme juu ya baba yake. Sisi tulipojaribu ujumbe wa msiba tuliandika majina ya uongo, Mkulima Fulani wa kijiji fulani. Mkufunzi alijaribia baba yake mzazi. Mzee alikuwa hai, mzima wa afya, anaishi Ipililo na ng'ombe zake. Kwenye usajili wa kikundi aliandikwa kwa jina la ubatizo. Mkufunzi kwenye faili lake aliandika Mayombo, jina ambalo mzee alipewa ujanani kwenye ngoma, ambalo wazee wenzake na watoto wake tu ndio waliolitumia. Jina: Mayombo. Kijiji: Ipililo. Hali: marehemu. Kijistari juu ya ombi, vitufe viwili, na kulia inatokea mia mbili.

"Mzee amekufa vizuri leo," alikuwa anasema, anachukua maziwa yake.

Alikufa vizuri karibu kila asubuhi, kwenye mashine ya majaribio, ambayo haikuwa imeunganishwa na simu ya mtu yeyote. Sijui walikosana nini. Mlinzi alisema mzee hakuhudhuria harusi ya mwanawe. Mama wa chai alisema hapana, mwana ndiye hakumwalika. Mimi nilichojua ni kwamba mtu huyu alikuwa anamzika baba yake kabla ya chai ya saa nne, na tulikuwa tumezoea kiasi kwamba ukichelewa kazini unauliza kwa utani kama mzee ameshakufa.

Juu ya faili lake kulikuwa na anwani mbili. Moja ya mashine ya majaribio, nyingine ya seva yenyewe, ile inayofika kwenye simu za watu. Anwani usiyoitaka unaitangulizia alama ya reli, na edita inairuka. Asubuhi hiyo kulikuwa na kifo cha kweli Sapiwi, katibu akapiga simu, Mkufunzi akatuma tangazo kwenye seva yenyewe. Kisha katibu mwingine akaomba ujumbe uwe unataja na mahali pa mazishi. Mkufunzi akaniita nisimame nyuma yake nione mabadiliko hayo yanavyofanyika. Akaongeza mstari wa mahali: nyumbani. Akakipeleka kijistari kwa Mayombo. Hakutazama juu. Alama ya reli ilikuwa bado kwenye anwani ya majaribio; iliyobaki wazi ni ile ya simu za watu.

Vitufe viwili. Mia mbili.

"Mzee amekufa vizuri," akasema.

Kisha tukamsikia mlinzi getini. Kwanza simu yake ililia ile sauti ya ujumbe, halafu kimya, kimya cha mtu anayesoma herufi kwa herufi kama alivyofundishwa. Halafu akapiga ukunga. "Yaya, yaya, hapana, Mayombo katutoka! Mayombo!" Tukamwona dirishani anakaa chini kwenye vumbi, kofia mkononi.

Mkufunzi akatazama juu ya faili. Nilimwona akizisoma zile anwani mbili. Mlinzi akaingia ofisini anayumba, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Rafiki yangu wa tangu utoto."

Hapo kulikuwa na nafasi ya sentensi moja. Ni majaribio, mzee, baba yuko hai. Mtoto mdogo angeweza kuisema. Mkufunzi alimtazama yule mzee aliyekuwa analia machozi ya kweli mbele yake, na akajibu kwa ile sauti yake laini.

"Asante, mzee."

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Jina la dada yake likajitokeza kwenye kioo. Akaigeuza kifudifudi. Ikakata, ikatetemeka tena, ikakata. Yeye akahamisha alama ya reli, akafuta ombi la Mayombo kwenye faili, akahifadhi. Kisha akazungusha kiti akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kabula," akasema, si Mia Nne na Moja. "Ufunguo ni wako."

Yaliyotokea Ipililo nilisimuliwa na mlinzi mwenyewe. Watu waliacha palizi wakaja. Wanawake walibeba unga na kuni, wakaanza kulia tangu barabarani kama inavyopasa. Vijana wakachukua majembe na sururu wakaanza kuchimba nyuma ya nyumba, kwa kuwa ujumbe ulitaja mazishi ni nyumbani, na kwa kuwa mwili walidhani unatoka hospitali. Mzee alikuwa amekwenda kunywesha ng'ombe. Aliporudi akakuta kaburi limefika magotini na majirani wanalia jina lake. Akauliza nani amekufa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba ndoo akaanguka nayo. Wengine wakakimbia. Mzee akakaa kwenye udongo uliochimbuliwa, akawauliza vijana kwa nini wameacha. Lile shimo lilifukiwa kesho yake, lakini kumlilia mtu aliye hai si jambo la kufukia kwa jembe. Kwa miezi mingi watu walikuwa hawataki kushika kikombe alichonywea.

Meneja alifungua kumbukumbu za seva akasoma: ombi limetumwa kwa ufunguo wa Kabula. Nikaeleza. Nilieleza nikitetemeka kwa hasira, jambo ambalo kwa bosi huonekana ni kutetemeka kwa hatia. Meneja akamwuliza Mkufunzi.

"Ni binti mzuri," Mkufunzi akasema. "Ana haraka tu."

Nimetukanwa sana maishani, lakini hakuna tusi lililonipasua kama utetezi ule. Kibarua changu kikaota nyasi siku hiyohiyo. Kampuni ikaona haitoshi, maana kampuni pinzani zilishaanza kutangaza kwamba sisi tunawaua wakulima wetu. Wakanipakia kwenye gari pamoja na mbuzi wa fidia, wakanipeleka Ipililo nikasimame mbele ya kikundi. Nikasema ujumbe ulitumwa kwa ufunguo wangu. Ilikuwa kweli, na nilidhani nimejilinda kwa maneno hayo. Watu wa Ipililo watajulia wapi mambo ya ufunguo? Walisikia binti amekiri.

"Mtoto wa kike unamzika mzee mzima!" mama mmoja akanipigia kelele. "Kwenu hakuna wazee?"

Mzee mwenyewe alipokea tu kamba ya mbuzi mbele yao. Baadaye aliniita pembeni, kwenye boma la ndama, akaegemea mti wa uzio. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, kama babu yangu.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akaniita mama. "Inuka, utachafuka." Akanitazama vizuri. "Wewe hukutuma."

Nikainuka, nikajipangusa vumbi magotini.

"Wewe hunijui. Ningekufa kwenye karatasi zenu ningekufa kwa jina la kanisani. Mayombo ni la ngoma. Kule kwenu nani analijua? Mlinzi, naye mashine haijui. Anabaki mmoja."

"Guku, waambie basi watu. Waambie sasa hivi, bado wapo."

Akacheka, kicheko kikavu. "Niwaambie mwanangu amenizika? Wewe utapanda gari uondoke, utaolewa huko, watakusahau. Mimi nakaa hapa na hawa. Acha waseme ni mtoto wa watu aliyekosea mashine."

"Na jina langu?"

"Siku yangu ya kweli ikikaribia nitaliweka sawa. Nitamwambia yeye mwenyewe aliseme. Nakuahidi, ng'wana wane, mwanangu."

Nilimchukia kidogo siku ile, naye nadhani aliliona hilo na akalikubali. Nikarudi na ahadi yake, na nikaishi nayo. Watu hawakunisahau kama alivyodhani. Nilipochumbiwa, shangazi wa mchumba aliuliza kama mimi ndiye yule binti wa msiba wa uongo. Nilipofungua ofisi yangu ndogo karibu na stendi Bariadi, wateja kutoka Maswa waliniletea kazi za kuchapa, na kabla ya kuondoka walinitania wakiomba nisiwaue. Vijana ninawafundisha kutuma maombi kwa edita, ombi kushoto, jibu kulia, na kila mmoja anatumia ufunguo wake mwenyewe. Sijawahi kuwaeleza kwa nini nashikilia hilo kwa ukali. Wanadhani ni ukorofi, na wameshanipa majina yao nyuma ya mgongo wangu.

Mlinzi ndiye aliyenipigia. Alipiga, hakutuma ujumbe, kwa kuwa Ipililo hakuna tena anayeamini kifo kilichoandikwa. "Mayombo ametangulia, safari hii kweli," akasema. "Njoo. Nimesikia alimwita mwanawe mwishoni, wakakaa wawili tu. Alikutaja jina."

Nilifunga ofisi nikapanda gari la asubuhi. Sitaficha kwamba nilikuwa na furaha, nikaificha chini ya kanga nyeusi. Watu walikuwa wengi, kwani waliotoroka mara ya kwanza walirudi kwa wingi kufidia. Nikakaa na wanawake. Mkufunzi nilimwona mbele, karibu na jeneza. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe, shati limechomekewa, sasa ni mzee wa kanisa. Alipoimba na kwaya, machozi yalimtoka kama zamani.

Ukafika wakati wa neno la familia. Akashika kipaza sauti, akashukuru majirani, akashukuru madaktari.

"Baba kabla hajakata roho aliniachia wosia," akasema kwa sauti ileile ya kukuuliza kama umekula. "Alinishika mkono, akaniambia, 'Mwanangu, kamalizane na Kabula. Usiniache nilale na jambo hilo.' Wengi mnamkumbuka Kabula, binti aliyemzushia baba kifo. Nimeambiwa yupo hapa."

Vichwa vikageuka. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, kwa sababu nilijua kinachofuata, nilikuwa nimekisubiri nusu ya maisha yangu.

"Kabula, mbele ya mwili wa baba yangu na mbele ya watu hawa wote," Mkufunzi akasema, "mimi nimekusamehe."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema amina kwa nguvu, na wengine wakaitikia. Nilikuwa nimesimama wima, siwezi kukaa tena. Akanijia mwenyewe kati ya mikeka, mikono imetangulia, akanikumbatia. Nilimtazama usoni kwa karibu, nikamtafuta yule mtu aliyehamisha alama ya reli na kugeuza simu kifudifudi. Kama angekuwepo ningemtemea mate palepale. Hakuwepo. Yaliyokuwa machoni pake ni machozi safi ya mtu aliyetii wosia wa baba yake, na ameona uzito umemtoka.

Wakanisogezea kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Jeneza lilikuwa limeshaanza kuteremka, kamba zinalia kwenye mikono ya vijana, na watu wote walikuwa wananitazama kwa huruma, huruma ambayo Ipililo ilikuwa haijawahi kunipa.

"Asante, Mkufunzi," nikasema.

Akanishika mkono akanisindikiza hadi ukingoni, akanipa koleo yeye mwenyewe. Nikachota udongo, nikaanza kumfukia mtu pekee Ipililo nzima aliyejua kwamba sikutuma mimi.